Nilikuambia Ujisaidie

Omollo,

Jana mkeo alikuja kwangu Nyamasaria kuchukua sauti yako. Nimempa. Tangu aondoke sijaweza kula wala kukaa mahali pamoja, na mke wangu ameniambia nikiendelea kuzungukazunguka nyumba hivi nitamtia wazimu na yeye. Kwa hiyo nimekaa, nimechukua daftari la jikoni, lile ninaloandikia vyakula vya melini, na ninakuandikia. Najua ungesema mwandiko wa Njoroge ni wa vitunguu na sukuma wiki tu. Sema. Miezi saba sasa hakuna mtu anayenitukana vizuri.

Kwanza habari za meli, maana hizo ndizo ungeuliza kabla ya kuuliza watoto. Bado tunabeba mbolea na ngano. Bado tunatoka Kisumu kwenda upande wa Uganda, na tukifika bado tunatia nanga siku mbili tatu tukingoja nafasi ya kupakua. Serangi wetu Wandera, mkuu wa mabaharia, bado anaiba kwenye mchezo wa drafti na bado anaapa kwa jina la mama yake kwamba haibi. Lakini mesi tuliyokuwa tunakulia pamoja imekufa. TV iko palepale kwenye rafu, imefungwa kwa ile mikanda ya mpira uliyoikata kwenye tairi ili isianguke ziwa likichafuka, na hakuna anayeiwasha. Watu wakimaliza zamu wanakula haraka, kila mmoja anaingia kitandani na simu yake, ameziba masikio, anaangalia sinema yake peke yake. Ukipita pale nje ya vyumba unasikia mtu anacheka ndani, na mwenzake wa kitanda cha juu hata haulizi ni nini. Oila mpya aliyechukua nafasi yako ya kupaka injini mafuta alijaribu mara moja kututafsiria. Alisema, "Huyu ndiye staring, na yule ni adui." Tukamtazama tu. Akaizima mwenyewe, akaenda kufua ovaroli yake.

Hakuwa na kosa. Hakujua tu kwamba wewe hukuwahi kutafsiri hata siku moja.

Kabla hujaja tulikuwa tunaangalia zile sinema za Kichina kama mabubu, maandishi ya chini nayo yako kwa Kichina vilevile. Ukatokea wewe, oila wa Pap Onditi, grisi mpaka kwenye nyusi. Ukapunguza sauti ya TV, ukachomoa mwiko wangu kwenye sufuria ya ugali, ukaupangusa kwa suruali, ukaufanya maikrofoni. Nilikununia wiki nzima kwa ajili ya mwiko ule. Kichina hukujua hata salamu. Ulikuwa unatunga, mwongo mkubwa wewe, na ulivyotunga ilikuwa tamu kuliko chochote Wachina walichokusudia. Adui alikuwa ni Kepteni siku zote. Kepteni mwenyewe anakaa kule nyuma na kikombe chake, anaguna, lakini hakukosa siku hata moja. Staring, shujaa wa sinema, ulikuwa wewe, na staring hafi. Na rafiki wa staring, yule mfupi mwoga anayependa chakula, anayetumbukia kila shimo, jina lake lilikuwa Njoroge.

Nilikuwa nalalamika, lakini nilikuwa napenda. Sikukuambia hilo. Baba yangu alishuka Kisumu kutoka Murang'a akiwa kijana, akafungua duka, akanizaa hapa, na mpaka leo kuna mtu akinisikia nikisema Dholuo yangu inayochechemea anauliza nimekuja lini. Kwenye sinema zako nilikuwa mwenyeji. Mjinga, ndiyo, lakini mjinga wa kwenu.

Sasa nifike kwenye lile neno. Ulilianzisha wewe mwenyewe, usije ukasahau. Rafiki wa staring alikuwa ananing'inia kwenye daraja la kamba, mto uko chini, na wewe ukamtolea sauti yangu, ile ya puani: "Omollo! Nisaidie!" Halafu ukamgeukia staring na sauti nzito: "Jisaidie!" Mesi ikaanguka kwa kicheko. Maana mtu akiambiwa jisaidie anasikia mambo mawili, pambana mwenyewe ama nenda chooni, na yule maskini kwa uso aliokuwa nao ilionekana hilo la pili ameshalimaliza. Kuanzia siku hiyo ikawa sheria ya meli. Mtu yeyote kwenye sinema akiomba msaada, mesi nzima inajibu, "Jisaidie!" Na anayeanzisha ni mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyechekwa wa kwanza. Likatoka kwenye sinema likaingia mezani. Mtu akisema, "Njoroge, nisaidie chumvi," anajibiwa, "Jisaidie!" Wandera akiomba kushikiwa kamba, "Jisaidie!" Wazee wanasema mzaha mzaha hutumbua usaha. Tulilisema hilo neno mwaka na nusu na hatukuona dalili yoyote ya usaha.

Wewe hujui ulivyokufa, Omollo. Hilo ndilo linalonitesa, kwamba wewe peke yako ndiye hukuona mwisho wake. Acha nikueleze.

Ilikuwa Jumapili, baada ya chakula cha mchana, tumetia nanga. Jana yake nilikuwa nimepika omena, dagaa wa ziwa. Toka asubuhi ulikuwa unalalamika kiungulia, unajisugua hapa kifuani, ukaja jikoni kuniomba maziwa baridi. Nikakuambia omena wanalipiza kisasi. Ukacheka, ukanywa maziwa, ukasema leo utatafsiri vizuri kuliko siku zote kwa sababu unataka nikurekodi. Watoto walikuwa wanakuuliza kila ukienda nyumbani, baba, kwani melini unafanya kazi gani, na wewe ukaona sinema ndiyo kazi ya maana zaidi ya grisi. Ukampigia mkeo mbele yangu: "Mama Atieno, leo Njoroge ananirekodi, nikirudi nakuja na zawadi kwa simu." Nikaiegemeza simu yangu kwenye kopo la kahawa na kubonyeza.

Ulifanya vizuri, nakuapia. Dakika arobaini nzima sijawahi kucheka vile. Kisha tukafika pale staring anapopigwa risasi juu ya paa. Sote tulijua utafanya nini, kwa sababu sinema hiyo tulikuwa tumeiona mara tatu: utashika kifua, utayumba, utaanguka kutoka kwenye benchi, halafu utafufuka ummalize Kepteni. Siku hiyo ulianguka kabla bunduki haijalia. Nilidhani umekosea wakati. Nikasema, na sauti yangu iko wazi kabisa kwenye simu, "Leo staring amekufa kabla ya risasi!" Wakacheka wote.

Ukasema, "Njoroge, nisaidie."

Na mimi nikasema lile neno. Nililisema kwa sauti ile nzito, sauti yako mwenyewe. Ukaita tena, taratibu, ukiniita ndugu kwa Dholuo, "Nisaidie, omera," na safari hii mesi yote ilijibu kwa pamoja, na Wandera akapiga meza mpaka vikombe vikaruka.

Na bado si mwisho, rafiki yangu. Ungekuwa mwisho ningepata pa kujificha. Ulipokaa chini muda mrefu, sinema ikawa inaenda bila mtu wa kuisemea, na mimi nikaokota mwiko. Nikaanza kutafsiri. Ni kwa nini? Kwa sababu siku zote nilitamani. Nakuambia leo kwa sababu huwezi tena kunicheka: nilikuwa nakuonea wivu, nilitaka na mimi siku moja watu wanitazame vile. Nikatafsiri kwa dakika tatu na zaidi, simu imehesabu. Nilichekesha watu wawili. Wewe ulikuwa miguuni pangu. Ni Kepteni, adui wako wa kila siku, aliyesimama kule nyuma akasema, "Acheni mchezo. Huyu mtu anatoka povu."

Baada ya hapo tulifanya yote tuliyofundishwa. Wandera alikukandamiza kifua bila kupumzika, Kepteni akaita redioni, boti ikaja. Ulikuwa umeshaondoka. Kule nchi kavu nilimuuliza daktari aliyekupokea kama dakika zile zingekuokoa. Alisema moyo ni moyo, hawezi kuniambia ndiyo na hawezi kuniambia hapana. Nimelala na jibu hilo kila siku. Angesema ndiyo, ningejua mimi ni nani. Angesema hapana, pengine ningepumzika.

Tulipokuwa tunakurudisha Kisumu tulikubaliana cha kusema. Hakuna aliyetoa amri. Wandera alisema tu, "Alienda kimya, sivyo?" na sote tukaitikia. Kwenye mazishi yako Pap Onditi watu walikuwa wengi mpaka wengine wakakaa barabarani. Mama Atieno akaomba mtu wa melini aseme neno, wakanisukuma mimi. Wakanipa maikrofoni ya kweli. Nikasimama mbele ya mama yako, mkeo na watoto wanne, nikasema ulianguka ghafla, tukakudaka, ukaenda kimya mikononi mwetu bila maumivu. Mama yako akanishika mkono akaubusu. Huo mkono ndio unaoandika hapa, na kuna siku natamani uwe wa mtu mwingine.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa fupi kweli. Siku ya tatu baada ya kukuzika mkeo akaniambia, "Shemeji, siku ile alisema unamrekodi. Watoto wanaomba." Nikasema simu iliingia maji. Mwezi wa pili akanipigia: labda kuna fundi anaweza kuitoa hiyo sauti? Nikasema nitauliza. Mwezi wa nne akaniambia mtoto wenu mdogo ameanza kusahau unavyosema, amekuwa akikuiga halafu anakatika katikati na kumuuliza mama yake, "Ni hivyo?" na mama yake hana hakika. Nikasema bado nauliza. Simu ilikuwa mfukoni mwangu wakati huohuo, kavu kabisa.

Wandera ndiye aliyenipa akili, kama ni akili. Alisema, "Si ukate tu? Mpe zile dakika arobaini, hiyo ya mwisho itupe." Ilionekana ni jambo la huruma. Juzi Jumamosi nikaenda mjini kwa fundi mmoja wa simu. Nikamwambia nataka akate kipande cha mwisho. Nilidhani atavaa vile vya masikioni. Yeye akaunganisha simu na ile spika kubwa ya dukani, asikie vizuri, na kabla sijafungua mdomo sauti yako ikajaa barabara nzima.

Omollo, watu walisimama. Mama mmoja aliyekuja kununua chaja akaweka kikapu chini. Waendesha boda wawili wakaingia. "Huyu mzee ni noma! Ni nani huyu?" fundi akaniuliza, machozi ya kicheko yanamtoka. Nilipaswa kumzuia na sikumzuia, kwa sababu, Mungu anisamehe, nilikuwa na fahari. Walikuwa wanacheka pale hasa ulipotaka wacheke. Fundi akasogeza mbele mpaka karibu na mwisho. Risasi, kuanguka, wakacheka. Ukasema, "Njoroge, nisaidie." Kisha sauti yangu. Duka zima likalipuka. Yule mama wa chaja alijishika mbavu, akarudia neno lenyewe, "Jisaidie! Woi!" na kujifuta macho kwa leso. Fundi akanigeukia akiwa bado anacheka, "Sasa mzee, hapa ndio tamu. Unataka nikate wapi?"

Akate wapi? Kabla ya kuanguka? Basi hukuanguka. Kabla ya kuniita? Basi hukuniita. Niliwatazama wale watu na hawakuwa watu wabaya, na sisi hatukuwa wabaya, na hilo halikunisaidia chochote. Nilichomoa simu na waya wake, nikatoka mbio, fundi akanifuata akipiga kelele kwa ajili ya waya. Nilikimbia mpaka nyuma ya stendi, nikaegemea ukuta. Hapohapo, waya bado unaning'inia, nikampigia mkeo. Nikasema, "Mama Atieno, simu haikuingia maji. Njoo."

Alikuja jana asubuhi, peke yake. Amekonda. Mke wangu alimwekea chai na mandazi, akajitia anakwenda sokoni. Mimi nilimwambia kabla hajasikia, kwa sababu nilitaka asikie kutoka kinywani mwangu kwanza. Nilisema yote, na neno lenyewe, na mwiko. Hakulia. Akasema, "Weka." Nikaiweka mezani. Akasema, "Toka."

Nikakaa kwenye ngazi, nje ya pazia. Nilikusikia ukianza. Nilimsikia mkeo akicheka. Alicheka kweli, mara mbili, pale Kepteni anapoiba mbuzi wa mfalme na pale mimi ninapokwama kwenye pipa. Kwa dakika arobaini ulikuwa hai nyumbani kwangu na mkeo anacheka nawe, na mimi niko nje nimeshika kichwa, najua kinachokuja na siwezi kukizuia. Kikaja. Nilisikia ukiniita, nikajisikia nikikujibu. Nilisikia mesi. Nikajisikia nikitafsiri, sauti nyembamba ya mtu anayetaka kupendwa. Nikamsikia Kepteni.

Nilidhani imekwisha. Hapana. Alirudisha nyuma. "Njoroge, nisaidie." Akarudisha tena. "Nisaidie, omera." Aliirudisha pale tu, sijui mara ngapi, mara sita au saba, na kila mara aliizima kabla sauti yangu haijaingia. Alikuwa anakusikiliza wewe. Mimi mara saba nilisimama pale kwenye ngazi, mara saba nikakaa.

Alipotoka macho yake yalikuwa makavu. Akauliza, "Hiyo sauti ya kwanza kusema jisaidie, ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na huyo anaongea-ongea baadaye?"

"Ni mimi."

Akatikisa kichwa polepole. Akasema, "Miezi saba nimejiuliza kama aliita mtu. Kumbe aliita." Nilitaka kupiga magoti, nikaanza kuinama, akanizuia kwa mkono bila kunigusa. "Usifanye hivyo. Usinifanye nianze kukubembeleza wewe." Akaweka simu kwenye mkoba wake. Sikuidai. Akasema, "Watoto nitawaambia mimi mwenyewe, kwa wakati wangu. Mama mkwe sijui kama nitamwambia. Na wewe, Njoroge, usikanyage kwangu mpaka nikuite." Hakusema shemeji. Akaenda zake mpaka barabarani, hakugeuka, na chai yake ikabaki mezani imefanya utando.

Sijui kama ataniita. Mke wangu anasema ataniita, kwa sababu asingesema "mpaka." Wandera, nilipompigia, alinitukana na kuniuliza ni nani aliyenituma, halafu akalia kwenye simu, na sijawahi kumsikia Wandera akilia. Kepteni alisema tu, "Ilibidi." Mimi sijapata ile nafuu watu wanayoisema. Kifua kimejaa vilevile. Tofauti ni kwamba sasa kuna mtu mwingine anayejua, na ni yule niliyemwogopa kuliko wote.

Sikuombi msamaha, Omollo. Ungenisamehe upesi mno, nakujua, ungenisamehe kwa mzaha, na mimi sitaki mzaha tena juu ya jambo hili. Keshokutwa tunapakia, na nitapanda meli, kwa kuwa sijui kazi nyingine. Nimemwomba mke wangu ile simu yake ya zamani. Nitatembea nayo jikoni, kwenye sitaha ya meli, kitandani. Nimewaambia mesi nzima kwamba ikilia na jina ni la Mama Atieno, asije mtu akaipokea wala kufanya utani. Ninakuahidi hili na hakuna lingine ninaloweza kukuahidi: akiniita kunitukana mbele ya ukoo wote, nitakwenda. Akiniita niwaambie watoto wako kwa mdomo wangu, nitakwenda, na nitawaambia. Akiniita nikiwa katikati ya ziwa, nitaitikia hapohapo na nitashuka bandari ya kwanza.

Oriti, osiepna, kwaheri rafiki yangu. Lala, Janyakach wa Pap Onditi.

Wewe uliita mara mbili. Yeye hatahitaji kuita mara ya pili.

Njoroge